Kitanda cha Mama Hakijakatwa Kamba

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wahenga hao hawakuwahi kuwamba kitanda hata kimoja. Mimi kunguni ninaowajua kwa majina ni wa vitanda nisivyovilalia, maana wakishazidi ndimi ninayeitwa kufumua kamba za zamani na kupitisha mpya.

Nimefumua kitanda cha mchuuzi wa samaki wakavu Saadani. Nimefumua kitanda cha tajiri mwenye nyumba ya ghorofa na walinzi wawili. Wote wawili waliniuliza swali moja: kamba ni ya ukindu au ya usumba? Wote wawili walinipa chai. Chai ya tajiri ilizidi iliki, basi.

Walio katikati hawajawahi kuniita. Mwalimu, nesi, karani, hao wananunua futi sita kwa sita na godoro la sponji, na ile nailoni hawaivui mwaka mzima ili mgeni ajue ni jipya. Maskini hana wa kumwonea haya. Tajiri haoni haya. Haya zote za mji huu amebebeshwa aliye katikati.

Na mimi, Sikuzani binti Mwanamkasi, katika wanaume wote wa Bagamoyo, nikaolewa na mmoja wao.

Mliochelewa nawakusanyia kwa pumzi moja. Banda langu la kazi liliungua. Haikupita wiki, niko Chalinze kufuata kamba, nikapigiwa simu kuwa mama ameanguka uani. Nilimkuta amekwisha. Nikabaki katika nyumba yake pamoja na mume wangu Najim, karani wa kampuni moja ya bima. Siku ya thelathini na tisa nilikwenda kwa mama mdogo kuchambua mchele wa hitima, nikalala hukohuko. Siku ya arubaini, mchana, nikarudi, nikafungua mlango wa chumba cha mama. Hapo ndipo mliponiacha wiki iliyopita.

Kitanda chake hakikuwepo.

Sakafuni palikuwa na matundu manne yaliyochimbwa na matendegu kwa miaka, na katikati yao doa refu la udongo mpya.

Hilo doa ndilo lililomwaga damu yote mtakayoisoma leo. Ni mfuo, ule mtaro unaochimbwa chini ya kitanda upokee maji maiti anapooshwa. Mama alioshwa palepale, juu ya kitanda chake cha mvule alichokichonga babu. Na sisi tunaowamba tuna sharti moja. Kitanda kilichooshea maiti hakilaliwi na mtu aliye hai mpaka kamba zake zote zikatwe, zifukiwe, mbao zisuguliwe kwa ndimu, kisha kiwambwe upya. Anayekata ni mtoto wa marehemu, kwa mkono wake, siku ya tatu.

Sikukata.

Sikilizeni vizuri, maana hili naliungama mara moja tu. Siku ya tatu niliingia na kisu. Kamba zilikuwa bado zimeshika bonde la mgongo wa mama, miaka thelathini ya kulalia ubavu mmoja. Nikapitisha kiganja humo. Nikarudisha kisu alani, nikasema kesho. Nikasema kesho kila siku, na kila usiku nikatandika mkeka sakafuni pembeni ya bonde lile, nikalala.

Kosa hilo ni langu. Yaliyofuata tugawane.

*

Najim alikuwa sebuleni anakunywa chai. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi, imetundikwa mlangoni.

"Kitanda cha mama kiko wapi?"

"Hujaniamkia."

"Nitakuamkia ukishanijibu."

"Nimekitoa," akasema, akapuliza chai. "Nimewapa watu wanaokijua thamani yake."

"Umekiuza?"

"Siku, mimi ni mtu wa ofisi. Jumamosi walikuja wenzangu hapa. Mmoja anatafuta choo, akaingia chumba kile. Unajua aliniuliza nini mbele za watu? 'Najim, kumbe kwako mnalala kwenye kamba?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni cha mtumishi."

Mtumishi. Nyumba aliyokuwa amekaa ndani yake ni ya huyo mtumishi. Kikombe alichoshika ni cha huyo mtumishi.

"Najim, kitanda kile kimeoshea. Mfuo ulichimba wewe mwenyewe. Hakijakatwa kamba!"

"Mila hizo, si dini. Waliokinunua wana hela, watakipaka vanishi."

"Nani kakinunua?"

"Watu wakubwa. Na leo nimealikwa kwao, kwa hiyo naomba usinitie aibu."

Niliirukia ile kanzu. Nilitaka kuitupa uani kwenye majivu, basi. Kofi likanikuta sikioni kabla sijaishika vizuri. La pili likanikuta jichoni. La tatu nililisikia tu, sikuliona, maana nilikuwa nimekwisha anguka kando ya mlango ninapoweka mbao zangu.

Mkono wangu ukagusa tendegu la mninga. Tendegu la mninga ni zito kuliko linavyoonekana.

Sikumpiga kichwani, ijapokuwa kilikuwa karibu. Nilimpiga kifundo cha mguu wa kushoto, kwa mikono miwili, kama mtu anayepasua kuni. Kikalia kama muwa unaovunjwa.

Hakupiga kelele. Alijishika ukutani, jasho likamtoka, akachukua kanzu yake na bakora ya marehemu baba yangu.

"Nikirudi nisikukute," akasema.

"Kwenye nyumba ya mtumishi?" nikamwuliza.

Akatoka akichechemea. Kikumbukeni hicho kifundo.

*

Dirishani palikuwa na mtu. Mzee Bwanausi, msukuma mkokoteni wa mtaa wetu. Mwaka jana nilikiwamba kitanda cha mkewe aliyepooza. Alikuwa amesimama pale muda, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mzee Bwanausi."

"Marahaba, mwanangu. Shavu limekuwaje?"

"Nimejigonga mlango."

"Mlango wenye vidole vitano." Akatema mate pembeni. "Mwanangu, jana adhuhuri mumeo aliniita nibebe kitanda. Nikamwuliza, bwana, kimekatwa kamba hiki? Akaniambia, wewe sukuma mkokoteni. Tangu jana sijapata usingizi."

"Ulikipeleka wapi?"

"Dunda, kwa Bi Salme, mke wa marehemu Mahfoudh. Kimewekwa chumba cha harusi. Binti yake Hanadi anaolewa leo, ndoa inafungwa alasiri."

Nilitazama saa. Ilikuwa saa nane na nusu mchana.

Mzee Bwanausi akanitazama nikichukua kisu cha kukatia kamba. Akanitazama nikikichomeka kiunoni ndani ya kanga. Hakusema niache. Alisema, "Panda mkokoteni, nitakufikisha upesi."

Mtu asiyemiliki chochote isipokuwa magurudumu mawili alielewa. Karani mwenye kadi ya bima hakuelewa. Au alielewa, na hilo ndilo baya zaidi.

*

Kwa Bi Salme wanaume walikuwa uani chini ya turubai, wakimsubiri shehe. Wanawake walikuwa ndani. Nilipitia jikoni kati ya masufuria ya biriani, hakuna aliyeniuliza. Mwanamke mwenye kanga na uso uliovimba ni mpishi tu.

Mlangoni mwa chumba cha harusi alikaa kungwi, Bi Biubwa, mikono yake kama michi miwili.

"Hodi, wenyewe."

"Nani wewe?"

"Sikuzani, mwambaji. Nimekuja kukagua kamba."

"Kamba zimekwisha kaguliwa. Njoo keshokutwa, kama bwana harusi hatakuwa amezifumua mwenyewe."

Wanawake wakapiga vigelegele. Utani ulikuwa mzuri, hata mimi ningecheka siku nyingine.

"Bi Biubwa, kitanda hicho hakifai kulaliwa."

Akasimama. "Na uso wako huo unafaa kuonwa harusini? Nani kakutuma umtie mwanangu mkosi? Sema! Yule mwanamke wa Makurunge aliyetaka bwana harusi aoe kwake?"

"Nipishe, shangazi."

"Shangazi yako nani, mwenye jicho la papai!"

Nilimsukuma. Alinidaka nywele, akanizungusha, akanigonga na fremu ya mlango mara mbili, na mara ya pili meno yake yakazama begani mwangu. Mwanamke yule ana meno yote, nawathibitishia. Nikampiga kichwa cha pua. Damu ikaruka ikachora kanga yake mpya. Tukaangukia ndani ya chumba pamoja, mlango ukiwa chini yetu.

Bibi harusi alikuwa amekaa mkekani. Hina ilikuwa haijakauka, mikono ameiinua juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki.

"Dada, unafanya nini?"

"Usishushe mikono, hina itaharibika," nikamwambia, nikaruka kwenye kitanda.

Walikuwa wamekipamba kwa asumini kutoka kichwani hadi miguuni. Nikalivuta godoro jembamba pamoja na shuka la hariri, nikatupa chini. Na mama alikuwepo. Bonde lake lilikuwa palepale, upande wa kushoto.

Nikatoa kisu. Wakapiga kelele wote.

Kamba ya kwanza ilikatika kwa mlio mkubwa. Ya pili. Ya tatu. Nilikuwa natafuta ya nne wakati teke liliponiingia mbavuni.

Muadh, kaka wa bibi harusi. Nilimjua kwa sura. Hakuuliza. Teke la pili lilinitoa jino, likagonga sakafu kama punje ya mahindi. Nilibaki nimeshika kamba kwa mkono wa kushoto, nikakataa kuiachia, naye akaukanyaga mkono huo kwa kisigino cha kiatu, akakizungusha.

Kidole cha mwisho kikavunjika. Anayewamba atanielewa: hicho ndicho kidole kinachokaza.

"Muadh! Toa mguu."

"Mama, ana kisu!"

"Kisu nimekiona. Na wewe nimekuona."

Bi Salme alikuwa mlangoni. Mwanamke mfupi, sauti haipandi. Akanitazama pale chini.

"Si wewe uliyeniwambia kile kitanda cha barazani?"

"Ni mimi. Shikamoo, Bi Salme." Damu ikanitoka mdomoni pamoja na salamu.

"Marahaba. Sema."

"Kitanda hiki kimemwoshea mama yangu. Leo ndiyo arubaini yake. Hakijakatwa kamba."

Hakuna aliyeuliza maana yake nini. Bi Biubwa aliiacha pua yake ichuruzike damu, akasema astaghfirullah. Hanadi alisogea na mkeka wake mpaka ukutani, mikono bado juu. Muadh aliondoa mguu kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Kamlete aliyeniuzia," Bi Salme akamwambia.

*

Najim aliingia akichechemea, amevaa kanzu yake, kikombe cha kahawa bado mkononi. Aliponiona, kahawa ikamwagikia vidole.

"Bwana Najim," Bi Salme akasema. "Juzi nilikuuliza swali mara ngapi?"

"Mara tatu, Bi Salme."

"Nilikuuliza nini?"

"Kama kitanda kimeoshea."

"Ukanijibu?"

"Nikakuapia hakijaoshea. Na leo narudia, wallahi." Akanigeukia. Sauti ikalainika. "Muwieni radhi huyu. Tangu mamake afariki akili zimemruka. Siku, mke wangu, waambie. Waambie, twende zetu nyumbani."

Miaka minne ya ndoa, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita mke wangu mbele za watu wakubwa.

Na ningeweza. Niwaambie ukweli wote, ningeweza. Neno moja tu, kwamba nimechanganyikiwa na msiba, wangenifuta damu, wangenipa maji, wangenionea huruma. Nyuma ya Muadh walisimama binamu zake watatu, na bakora zao za harusini walizishika katikati, kama za kupigia, si kwenye kishikio. Niliona. Najim naye aliona. Ndiyo maana alikuwa ananitazama vile.

"Binti," Bi Salme akasema, "nakusikiliza wewe. Ukisema mumeo ni mkweli, mwanangu atalala hapa usiku wa leo."

Nilimtazama Hanadi, na mikono yake juu, na hina yake.

Nikaingiza mkono mzima katikati ya kamba, kwenye bonde la mama, nikavuta. Kikatoka kipande cha jani kikavu kimenata kwenye uzi wa pamba.

"Jani la mkunazi," nikasema. "Na pamba ya sanda. Mnamjua mtu aliye hai anayelala na hivi? Na mfuo aliuchimba huyu, kwa jembe la mama mwenyewe. Alilalamika mikono imetoka malengelenge. Mfungueni viganja, alama zipo."

Hawakumfungua viganja. Najim aligeuka, akakimbia.

Alipiga hatua mbili. Kifundo cha kushoto, kile nilichokivunja mchana ule, kikamkatalia palepale mlangoni. Akaanguka kifudifudi juu ya mlango uliolala chini, na kabla hajainua kichwa walikuwa wamemshika kanzu, wakamburuta kupitia jikoni. Sufuria moja ilipinduka. Akapiga ukelele, biriani ilikuwa ya moto.

Wakamtoa uani nyuma ya nyumba.

Mimi nilikiokota kisu.

"Dada," Hanadi akasema, "wanamwua."

"Nawasikia."

"Hutoki?"

"Bado za kichwani."

Nikakata. Bakora ya mkwaju ikimshukia mtu aliyelala haiachi mwangwi, ni kishindo kifupi tu, halafu pumzi. Nilikuwa nasikia vyote viwili. Alimwita Mungu. Akamwita mama yake. Nilifika kwenye kitakizo, ile mbao fupi ya kichwani, nikageuza kisu. Akaniita mimi, kwa jina kamili, Sikuzani binti Mwanamkasi. Hakuwahi kulitamka jina la mama akiwa hai.

Nikakata ya mwisho. Zikaanguka zote sakafuni kwa pamoja, asumini juu yake.

Ndipo Bi Salme alipofungua dirisha la nyuma. "Basi," akasema. "Msimwue nyumbani kwangu siku ya harusi."

Sijui kama angewaambia basi mapema zaidi kama mimi ningesimama. Hilo ninalilalia kila usiku, na halina kamba za kukata.

Mzee Bwanausi alimpakia Najim kwenye mkokoteni uleule, akampeleka hospitali. Akarudi kuchukua mbao za kitanda. Alipozipakia akaniambia: "Mwanangu, kilio cha huyo ni cha mgongo uliovunjika. Mbavu hazilii vile."

*

Siku ya nne baada ya harusi alikuja mama mkwe wangu, Bi Mwaija.

Kamba nilikuwa nimezifukia ndani ya mfuo. Mbao nilikuwa nimezisugua kwa ndimu mpaka vidonda vya mkono vikaniwasha. Kidole nilikuwa nimekifunga kwa kijiti. Polisi walikuwa wamemchukua Muadh, wakamwachia, wakamchukua tena.

"Karibu, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. Katika vipigo vyote vya wiki ile, shikamoo iliyobaki hewani ndiyo iliyonipata pabaya zaidi.

"Umemwuza mume wako," akasema.

"Yeye ndiye muuzaji, mama. Mimi nilisema kweli."

"Kweli inayovunja mgongo wa mtu ina thawabu gani?"

"Na kiapo cha uongo kina ngapi?"

"Mdomo!" Akainua mkono, akaushusha. Alikuwa amechoka, macho yamemwingia ndani. "Wamemruhusu, yuko kwangu. Godoro la sponji linamzamisha katikati. Kila akigeuka analia, na sijamsikia akilia vile tangu alipotahiriwa. Chakula hagusi. Anataka kitu kimoja."

"Nini?"

"Uje uombe radhi. Mbele ya wajomba zake. Useme ulikosea. Anasema akilisikia hilo atakula."

Bi Mwaija akageuza macho ukutani. Mbao za kitanda cha mama zilikuwa zimeegemezwa pale, matendegu manne na mifumbati ya mbavuni, zinang'aa kwa ndimu.

Siku walipokuja kuposa, mama alimkaribisha Bi Mwaija akae juu ya kitanda hicho, nafasi ya heshima. Alikataa. Alisema kamba zitamkwaruza gauni. Akakaa kwenye kiti cha plastiki tulichoazima kwa jirani.

"Hicho," akasema sasa, "kamba zake za zamani umezifanyaje?"

"Nimezifukia."

"Ndimu?"

"Nimesugua."

Alivuta pumzi. "Basi kiwambe. Kikaze kisawasawa, pasiwe na bonde. Bwanausi akilete kwangu kabla ya Ijumaa."

Nilimtazama. Alikuwa ameshika ncha ya kanga yake, anaifunga fundo, anaifungua.

"Mama," nikasema taratibu, "nikiwambe cha kulalia, au cha kuoshea?"

Fundo likafungwa. Likafunguliwa.

"Wewe wamba tu," akasema, akiutazama ukuta. "Na radhi uje uiseme kabla hakijafika."

Yuko msomaji wa Kibaha aliyezisikia habari hizi kabla sijaziandika, akanitumia ujumbe wiki iliyopita: dada, hata kama hujakosa, omba radhi yaishe. Mpo wengine mnaomwunga mkono, nimewasoma. Jibu lenu ni lile nililompa Bi Mwaija, nikiwa nimesimama juu ya udongo wa mfuo, kidole kimefungwa, mdomo una pengo.

"Kitanda nitakiwamba, mama. Kwa vidole tisa, usiku na mchana, na nitakikaza mpaka sarafu ikidondoka iruke. Bei siitaki. Akikilalia, namwombea usingizi. Akioshewa, nitakuja mwenyewe kukata kamba, na safari hii sitasema kesho.

"Lakini radhi siombi. Wajomba wakusanyike wakitaka. Asile akitaka. Siombi."